Bogenvilia ya majani matupu, na maswali mengine ya maua ya pwani

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zimetoka Lamu na Malindi, na lalamiko lake ni moja: mmea umeshika, umenenepa, majani yanang'aa, lakini ua halionekani. Hali ya hewa yetu ni ya upole. Baridi ya kuushtua mmea haipo, na mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Pale Malindi siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa hupishana kwa dakika zipatazo 22 tu. Mwenye bustani akiongezea hapo maji kila jioni na samadi kila mwezi, mmea hauna haja ya kuchanua, utatoa majani mpaka ukuta uishe. Basi kazi ya mtunzaji ni kujua mmea wake unangoja ishara gani: kiu, mkasi, giza au baridi. Na ishara hizi hazibadilishani. Kiu inayoipa rangi bogenvilia ndiyo inayoua asumini.

Nina bogenvilia ya zambarau niliyoipanda kiwandani, yaani uani, ndani ya nyumba yetu ya mawe. Ina miaka minne, imepanda hadi imeupita ukuta, lakini huku chini haina ua hata moja. Naimwagilia kila siku na nimeipa samadi ya punda. Imekosa nini? (Bi wa Mkomani, Lamu)

Bibi, imekosa jua. Hilo ndilo kubwa, na mengine yote huja nyuma yake. Bogenvilia hutaka jua la moja kwa moja, lisilochujwa na mti wala ukuta, kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Kiwanda cha nyumba ya Lamu kilijengwa makusudi kiwe na kivuli: kuta ni ndefu, na jua huigusa sakafu muda mfupi tu linapokuwa utosini. Ukitaka kuhakikisha, simamisha fimbo pale penye shina, upite kila saa kuanzia saa 2 asubuhi uangalie kama ina kivuli chake sakafuni. Hesabu saa zenye kivuli cha fimbo. Hizo ndizo saa za jua alizonazo mmea wako. Tunakisia hazitafika 3.

Sasa panda darini ulitazame tawi lililoupita ukuta. Kuna uwezekano mkubwa kwamba lina maua, na anayeyafaidi ni jirani. Mmea umefanya unachoweza, umelifuata jua liliko. Sehemu iliyobaki kivulini haitachanua kwa mbolea yoyote, na pesa ya mbolea hiyo afadhali uibakishe.

Unaweza kuuacha shina pale pale, matawi ukayalaza juu ya ukuta wa darini kwa waya. Tawi lililolazwa hutoa vichipukizi vingi ubavuni kuliko lililosimama, na maua ya bogenvilia huja kwenye vichipukizi vipya. Lakini ushauri wetu ni kuanza upya kwa vyungu darini, kwa vipandikizi vya mmea huo huo. Vikate kwenye matawi ya juu ambayo yamewahi kuchanua, kwa sababu kipandikizi cha tawi lililokomaa huwahi kuchanua kuliko cha chipukizi refu, laini, linalotoka shinani. Unene uwe wa penseli, urefu sentimita 15 hadi 20, na mkato wa chini upite hapo hapo chini ya kifundo. Ondoa majani yote ila mawili ya juu. Zika vifundo viwili ndani ya mfuko wa nailoni wenye mchanga mnene uliosuuzwa kwa maji matamu kuondoa chumvi, uweke kivulini, mchanga uwe na unyevu lakini usitote. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 10. Usivute kuangalia! Mizizi ya bogenvilia ni myembamba kama uzi na hukatika kwa kuguswa, na hii ndiyo sababu miche mingi hufa siku ya kuhamishwa. Siku hiyo ipasue nailoni kwa wembe, mche uingie chunguni na udongo wake wote.

Kuhusu maji, angalia pia maji ya jikoni na ya chooni yanapita wapi. Bogenvilia iliyopata mfereji wa maji machafu imepata maji na naitrojeni mchana na usiku, na mmea wa namna hiyo hauoni kiu kamwe, hata wewe ukiacha kumwagilia.

Vyungu vyangu sita viko darini Shela, jua siku nzima, kila chungu kipana cha sentimita 40. Huchanua vinapotaka vyenyewe. Tuna arusi ya binti yangu katikati ya Desemba na ningependa vyote viwe na rangi siku hiyo. Yawezekana? (Mama wa binti, Shela)

Yawezekana, na hongera. Hesabu nyuma wiki 10 kutoka siku ya arusi. Yaani uanze mwanzoni mwa Oktoba.

Wiki ya kwanza ni ya mkasi. Fupisha kila tawi kwa theluthi moja, ondoa kabisa yaliyo membamba, yaliyokauka na yanayosuguana, na ukate kwenye shina yale machipukizi manene yanayonyooka juu kwa kasi yakiwa na miiba mirefu. Hayo hula chakula cha mengine. Siku hiyo hiyo upe kila chungu kijiko kimoja cha chai, kisawazishwe, cha mbolea ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasi kwa usawa), uitawanye mbali na shina na kumwagilia. Kwa wiki 4 zinazofuata mwagilia vizuri, kila udongo unapokauka juu kiasi cha kifundo kimoja cha kidole. Lengo la wiki hizi ni vichipukizi vipya, vingi kadiri iwezekanavyo.

Vichipukizi vikifika sentimita 15 hivi, finya ncha zake zote kwa kucha. Kila kimoja kitagawanyika viwili au vitatu. Hapo mbolea yenye naitrojeni ikome kabisa, na kiu ianze.

Kiu hii ina kipimo chake, na wengi hukikosea. Acha kumwagilia mpaka majani yalegee asubuhi. Yakilegea saa 7 mchana peke yake hiyo si dalili, kwani kwa jua la Shela hata mmea ulioshiba hulegea saa hiyo. Yakiwa bado yamelegea saa 1 asubuhi, kipe chungu lita moja ya maji, basi. Kiasi cha kuyainua majani, si cha kutotesha chungu. Subiri yalegee tena asubuhi, upe lita nyingine. Endelea hivyo kwa wiki 3. Baadhi ya majani ya chini yatakuwa manjano na kuanguka, na usiogope. Yakianza kukauka na kukunjika yakiwa mabichi, umepita kiasi.

Wakati huo chukua miwani yako uangalie pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Utaona kijiti kidogo cha kijani, urefu wa punje ya mchele. Kijiti hicho bado hakijaamua: mwiba na ua la bogenvilia hutoka mahali pamoja, na mmea ulioshiba hukifanya mwiba. Kikichongoka na kugumu nchani, ni mwiba. Ncha ikiwa butu, ikavimba na kuanza kugawanyika sehemu tatu, hilo ni ua. Baadaye zitafunguka zile karatasi tatu za rangi tunazoziita maua, ambazo kwa kweli ni majani. Ua lenyewe ni kijineli cheupe kilicho katikati ya kila karatasi. Kiu hii si mateso kwa mmea huu. Asili yake ni Amerika Kusini, mahali penye majira ya ukavu, nao umezoea kuchanua ukiwa na upungufu.

Ukishaviona vichwa butu kwenye matawi mengi, kiu iishe siku hiyo hiyo. Hapa ndipo mtu hupoteza kazi yake yote. Akiona kiu imeleta matumba, huongeza kiu ili yaje zaidi, na matumba yote hupukutika usiku mmoja. Rudisha maji ya kawaida. Futa gramu 6 za salfeti ya potasi ndani ya lita 6 za maji, umimine lita moja kwa kila chungu, mara moja kwa wiki, kwa wiki 2.

Shida yako kubwa itakuwa mvua za vuli, maana kiu yako itaangukia Novemba. Funika mdomo wa chungu kwa karatasi ya nailoni, uikate hadi katikati iingie shina, uifunge shinani kwa kamba na kuiinamisha kidogo ili maji yamwagike nje. Matawi yakilowa hakuna neno, mizizi ndiyo isiyotakiwa kulowa. Chungu kisikae ndani ya sahani, na kiinuliwe juu ya vipande vitatu vya tofali tundu lisizibe. Mchanganyiko wako ukiwa na makapi mengi ya makumbi ya nazi, kumbuka yakikauka sana hukataa maji: utamwagilia na yote yatapita pembeni. Ikitokea hivyo, kizamishe chungu kwenye beseni kwa dakika 20.

Vyungu vipelekwe mahali pa arusi siku moja kabla, si wiki moja kabla. Bogenvilia ikiondolewa juani na kuwekwa ukumbini huanza kuangusha karatasi zake baada ya siku chache.

Natunza bustani ya watu Malindi, upande wa Casuarina. Uzio wote ni bogenvilia, mita 60. Mwajiri anataka uzio unyooke, kwa hiyo naukata kila wiki mbili. Nyasi zinamwagiliwa kwa bomba la kuzunguka. Analalamika hauna maua na anasema ninunue mbolea ya kuchanulisha. (Mtunza bustani, Malindi)

Kaka, usinunue. Maua ya uzio huo unayakata wewe mwenyewe kwa amri ya mwajiri. Toka chipukizi lianze hadi lipate rangi ni wiki 8 au zaidi, na mkasi wako hupita kila baada ya wiki 2. Hakuna mbolea iwezayo kushindana na hesabu hiyo.

Mweleze achague: uzio ulionyooka kama ukuta mwaka mzima, au uzio wenye rangi. Vyote viwili haviji pamoja. Akikubali rangi, kata mara tatu tu kwa mwaka. Mkato mkubwa uwe mwisho wa Machi, maua ya kaskazi yanapoisha na kabla ya masika. Hapo uzio unyooshe kabisa. Mkato wa pili mwepesi uwe mwishoni mwa Juni, mvua zikipungua. Wa tatu, mwepesi pia, mwishoni mwa Septemba. Katikati ya mikato hiyo ruhusa yako ni moja: yale machipukizi marefu yanayoruka nje ya mstari, yakate moja moja kwenye chanzo chake, usiyafupishe nusu. Ukiyafupisha nusu yatatoa mengine matatu yenye nguvu ile ile.

Lile bomba la nyasi nalo ligeuzwe lisifike uzioni. Bogenvilia iliyo ardhini kwa zaidi ya miaka miwili, kwa udongo wa Malindi, haihitaji kumwagiliwa na mtu isipokuwa kaskazi ikikaza, Januari hadi Machi, na hata hapo ndoo ya lita 20 kwa kila shina baada ya wiki 2 au 3 inatosha.

Jambo la mwisho: kama sehemu moja ya uzio ilikuwa nyeupe au ya chungwa zamani na sasa inatoa zambarau, miche hiyo iliunganishwa, na shina la chini limeshinda. Fuata tawi hadi chini. Likitoka chini ya kovu la kuunganishia, lichomoe.

Bogenvilia zangu zina jua na sizimwagilii sana, lakini majani machanga yanatoka manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Maua machache na madogo. Udongo wetu ni wa mawe ya matumbawe. Nimekuwa nikiweka majivu ya jikoni nikisikia yanaleta maua. (Msomaji, Mambrui)

Majivu yaache leo. Yana potasi, ni kweli, na kwenye udongo mwekundu wa bara wenye asidi yanasaidia. Lakini udongo wa matumbawe umejaa chokaa tayari, na majivu huongeza ukali ule ule wa chokaa. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yamo, ila yamefungika, mizizi haiwezi kuyafyonza. Chuma hakihamishwi kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, ndiyo maana umanjano unaanzia majani ya nchani. Kama ungeanzia majani ya chini, tungesema ni magnesi, na dawa ingekuwa chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji.

Ukienda duka la pembejeo uliza chuma cha aina ya EDDHA, na usome herufi hizo kwenye pakiti. Kile cha EDTA ni cha bei rahisi zaidi, lakini kwenye udongo wa chokaa huachana na chuma chake kabla mizizi haijakipata. Gramu 5 ndani ya lita 10 za maji, umimine shinani jioni, kwa sababu jua hukiharibu. Maji yatakuwa mekundu kama damu, hiyo ndiyo rangi yake. Usipokipata, nyunyizia majani salfeti ya chuma, gramu 2 kwa lita moja, jioni pia, mara tatu kwa kuachana siku 10. Majani mapya yatatoka kijani. Yale ya zamani yatarudi kidogo tu.

Kwa muda mrefu, jaza mboji. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, toa mawe, rudisha nusu udongo na nusu mboji iliyoiva. Na mbolea ya DAP usiitie huko ukitarajia maua: chokaa huifunga fosforasi yake kama ilivyofunga chuma.

Asumini yangu imekuwa kichaka kikubwa, majani mengi, maua mawili matatu kwa wiki. Zamani ilikuwa yatosha kutunga vikuba, vile vishada vya kujipamba, vya nyumba nzima. Mwaka jana nilisoma kwamba mmea uachwe na kiu ndipo uchanue, nikajaribu, ikazidi kuharibika. (Bibi wa Langoni, Lamu)

Pole, bibi. Ushauri huo ulikuwa wa bogenvilia. Asumini hutaka jua, maji ya kila mara na mkasi, na mkasi ndio uliokosekana. Matumba yake huja nchani mwa vichipukizi vipya, kwa kawaida matatu pamoja, la katikati likitangulia. Kichaka kikuukuu kina ncha ngumu zisizokua tena, kwa hiyo hakina pa kuweka ua.

Kipunguze kwa moyo mkubwa. Kata matawi yote yabaki na urefu wa sentimita 45 hadi 50 kutoka chini, ondoa kabisa yaliyokufa katikati ili hewa na mwanga vipite, na majani yaliyosalia yanyofoe. Kitaonekana kama fagio, usitishike. Wakati mzuri kwa Lamu ni Septemba, ili kichipue na vuli. Usikate wakati kaskazi imekaza na maji ya visima yamekuwa ya chumvi.

Baada ya kukata, tandaza debe moja la samadi ya punda iliyokaa miezi 3 ikaiva, ikiwa mbali na shina kiasi cha kiganja. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Vichipukizi vikitoka, mpe NPK 17:17:17 vijiko viwili vya chai kwa kichaka kizima, mara moja kwa mwezi. Matumba ya kwanza tarajia baina ya wiki ya 6 na ya 8. Na kuanzia hapo kila unapochuma usichume tumba peke yake: chuma pamoja na kijiti chake, ukikata juu ya jozi ya pili ya majani. Hapo hapo vitatoka vichipukizi viwili na kila kimoja kitaleta matumba yake. Anayechuma hivi kila siku anaendeleza ule mkasi wa Septemba kidogo kidogo, na kichaka hakifiki tena kuwa kama kilivyo sasa. Chuma alasiri, matumba yakiwa meupe kabisa na bado yamefumba. Yatafunguka usiku yakiwa kwenye kikuba. Yenye rangi ya kijani bado hayajafika na hayatafunguka yakishachumwa.

Mwangalie na chumvi. Asumini haiivumilii kama bogenvilia. Ncha na kingo za majani zikigeuka kahawia na chungu kikaota utando mweupe kwa nje, maji yako ni ya chumvi. Tumia maji ya jabia (birika la maji ya mvua) kama mnayo, na kwa kilicho chunguni, kila baada ya miezi miwili pitisha maji matamu mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, mpaka yatoke chini. Chungu cha lita 20 kipate lita 40.

Nilinunua haidranjia nzuri sana Limuru, ina maua ya buluu. Hapa Malindi ina miaka miwili haijachanua tena. Nimejaribu kila kitu. (Msomaji, Malindi)

Haitachanua, dada, na kosa si lako. Haidranjia ya majani mapana hutengeneza matumba yake usiku ukiwa baridi, chini ya nyuzi 18 hivi, kwa wiki 6 au zaidi mfululizo. Usiku wa Malindi ni nadra kushuka hadi kiwango hicho. Kuitia jokofuni haifai. Mpelekee ndugu aliye bara, na mahali pake pa nusu kivuli panda iksora, kichaka cha maua cha nchi za joto, ukichanganya udongo wake na mboji nyingi kwa sababu ya chokaa tuliyoieleza hapo juu.

Ua la Krismasi, lile la majani mekundu, liko barazani kwetu Malindi chini ya taa ya ulinzi. Ni la kijani mwaka mzima. (Msomaji, Barani)

Taa hiyo ndiyo inayolizuia. Ua hili hupima urefu wa giza, na mwanga hata wa muda mfupi katikati ya usiku hulifanya lione usiku umekatika. Tena usiku wetu wa joto huchelewesha rangi, kwa hiyo giza la kawaida la saa 12 halitoshi, liongezwe. Kuanzia mwanzo wa Oktoba liingize chumba cha stoo kisicho na taa saa 11 jioni na kulitoa juani saa 1 asubuhi, kila siku bila kuruka, kwa wiki 8. Usilifunike kwa nailoni nyeusi nje, litaiva kwa joto. Majani ya juu yakishajaa wekundu, zoezi hilo liishe.

Waridi la jangwani nililipanda kwa mbegu. Lina mwaka na nusu, shina limevimba vizuri, majani mengi, ua hakuna. Liko kwenye ndoo kubwa yenye udongo mweusi na samadi. (Kijana wa Mokowe, Lamu)

Umri wake unatosha, mengi huchanua baina ya mwaka mmoja na miwili. Ndoo ndiyo mbaya. Lihamishie chungu kifupi chenye tundu pana, kinachozidi shina kwa vidole vinne tu kila upande, na udongo uwe sehemu mbili za mchanga mnene au kokoto ndogo kwa sehemu moja ya mboji. Lisafishe mizizi, kata iliyooza, uliache chini ya kivuli siku 5 majeraha yakauke ndipo ulipande, kisha usimwagilie kwa wiki nzima. Likishashika, liweke jua la siku nzima na ukate kila tawi libaki theluthi mbili, kwani maua hutokea nchani mwa matawi mapya. Katika kaskazi mwagilia udongo ukikauka kabisa hadi chini. Juni hadi Agosti, likipukutisha majani, punguza maji iwe mara moja kwa wiki 2. Vaa glavu unapokata, na vipande usivitupe mbuzi wanapofika, maana utomvu wake ni sumu.